Makumbusho na Ukumbusho: Kuisoma Nyumba ya Barcelona kutoka Lubumbashi

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kukumbusha, na kitenzi hicho, kwa umbo lake la kusababisha, hudai watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Neno la Kifaransa musée limetoka mbali zaidi, kwa Wayunani wa kale na miungu yao ya kike ya sanaa na elimu, wala halidai mtu wa pili. Jumba laweza kuwa musée hata siku ambayo hakuna aliyeingia ndani. Tofauti hii ya kisarufi yaonekana ndogo, lakini yatosha kuwa mlango wa kuingilia katika uhakiki wa jumba moja mashuhuri, nalo ni makumbusho ya klabu ya mpira ya Barcelona pamoja na uwanja wake wa Camp Nou. Jumba hilo lilifunguliwa tarehe 24 Septemba 1984, siku ileile ambayo uwanja wenyewe ulitimiza miaka 27, na kwa miaka mingi limepokea zaidi ya wageni milioni moja kila mwaka. Vyuo vikuu vingi vyenye fahari ya maktaba zao havijapata wasomaji wa idadi hiyo tangu vilipoanzishwa.

Huenda msomaji akauliza mpira wa Wakatalani unahusu nini na taaluma za Kiswahili. Jibu la kwanza ni kwamba makumbusho ni masimulizi, na masimulizi yoyote yanaweza kuhakikiwa kwa vipimo vilevile vinavyotumika kwa riwaya au utenzi: nani anasimulia, kwa lugha gani, anaanzia wapi, ananyamazia nini. Jibu la pili ni la karibu zaidi na nyumbani. Mwezi wa Julai 2025 klabu hiyo na serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitangaza mapatano ya miaka minne, ambayo kwayo maneno ya Kifaransa yenye maana ya «Kongo, moyo wa Afrika» yaliwekwa mgongoni mwa mavazi ya mazoezi ya wachezaji, na vyombo vya habari vikataja malipo ya zaidi ya euro milioni 40. Katika mapatano hayo iliahidiwa pia «Nyumba ya Kongo» ndani ya Camp Nou, yaani maonyesho ya utamaduni na michezo ya nchi hii. Kwa hiyo Mkongo hawezi tena kulitazama jumba lile kama mpita njia anavyoitazama nyumba ya tajiri. Ameahidiwa chumba humo, na mwenye chumba ana haki ya kuuliza nyumba imejengwaje.

Fani ya masimulizi haya ni njia. Mgeni hasomi kurasa, bali hupelekwa kwa miguu kutoka chumba hadi chumba, na mpangilio wa vyumba ndio mpangilio wa hadithi. Hadi uwanja ulipofungwa mwaka 2023 kwa ajili ya kujengwa upya, njia hiyo ilikuwa na umbo lililozoeleka: kwanza vikombe na historia, kisha chumba cha kubadilishia nguo, kisha kile kikanisa kidogo kilicho kando ya njia ya kutokea wachezaji, ambamo Bikira wa Montserrat, mlinzi wa Katalonia, aliwangojea wenye kusali kabla ya mechi, kisha ngazi za kushukia uwanjani, kisha ukumbi wa waandishi wa habari na vibanda vya watangazaji, na mwisho duka. Jambo moja katika njia hii lilistahili kuzingatiwa na wahakiki kuliko lilivyozingatiwa. Chumba cha nguo alichoonyeshwa mgeni kilikuwa cha timu ngeni. Chumba cha wenyeji kilibaki kimefungwa. Basi mtu aliyesafiri kutoka mbali ili aketi mahali alipoketi mpenzi wake alijikuta ameketi pale alipoketi adui, akifunga kamba za viatu vya kuwaza tu. Waandalizi walikuwa na sababu zao za kazi, lakini matini husema hata lile ambalo mwandishi hakukusudia. Jumba lilimwambia mgeni ukweli wake: wewe ni mgeni.

Vikombe vina tatizo lao. Makombe matano ya Ulaya, ya 1992, 2006, 2009, 2011 na 2015, yana mng’aro unaovuta kamera, na wengi wa wageni huona kwamba safari yao imetimia wakishapigwa picha kando ya kioo. Lakini kikombe ni kitu bubu. Chaeleza kwamba fulani alishinda, hakielezi kwa nini ushindi ulihitajika. Ndiyo maana sehemu za makumbusho zenye fedha nyingi zaidi ndizo zenye maana chache zaidi, na msomaji makini hufanya vizuri kuzipita haraka ili afike kwenye karatasi.

Masimulizi yenyewe huanza na karatasi. Tarehe 22 Oktoba 1899 gazeti la michezo liitwalo Los Deportes lilitoa tangazo la kijana wa Uswisi, Hans Gamper, aliyetafuta watu wa kucheza naye mpira. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 29 Novemba, klabu ikazaliwa, na waliohudhuria walikuwa Waswisi, Waingereza, Mjerumani na Wakatalani wachache. Rais wa kwanza, Walter Wild, alikuwa Mswisi pia. Klabu inayojulikana leo kuwa roho ya Katalonia ilianzishwa basi na wageni waliokuwa wapweke Jumapili, na Gamper mwenyewe akajifunza Kikatalani na kulibadili jina lake kuwa Joan. Huu ni mwanzo mwema kwa masimulizi yoyote, kwa maana unazuia tangu ukurasa wa kwanza ile hadithi ya damu na udongo ambayo mataifa hupenda kujisimulia.

Baada ya mwanzo huo ndipo yanapokuja mateso, nayo ndiyo maudhui makuu. Tarehe 14 Juni 1925, katika uwanja wa zamani wa Les Corts, watazamaji waliuzomea wimbo wa taifa wa Hispania na kuushangilia wa Uingereza uliopigwa na bendi ya wanamaji wa nchi hiyo. Utawala wa Primo de Rivera ukaufunga uwanja kwa miezi sita, adhabu iliyopunguzwa baadaye, na Gamper akalazimishwa kuacha urais. Alijiua mwaka 1930. Tarehe 6 Agosti 1936, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, rais wa klabu Josep Sunyol alikamatwa katika milima ya Guadarrama na askari wa Franco na kuuawa bila kesi. Mwezi Machi 1938 bomu liliangukia ofisi za klabu. Mwaka 1941 jina la klabu likalazimishwa kuwa la Kihispania, na ile milia minne ya bendera ya Katalonia iliyomo ndani ya nembo ikapunguzwa kuwa miwili hadi 1949. Tarehe 13 Juni 1943 timu ikafungwa na Real Madrid mabao 11 kwa 1, baada ya kushinda 3 kwa 0 katika mechi ya kwanza, na hakuna Mkatalani aliyewahi kuamini kwamba matokeo yale yalitokana na mpira peke yake.

Ni masimulizi yenye nguvu, na nguvu yake hasa ni ya lugha. Katika miaka ambayo Kikatalani kilifukuzwa shuleni, ofisini na magazetini, majukwaa ya uwanja yalikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo maelfu waliweza kukisema kwa sauti kubwa pamoja. Narcís de Carreras alipochukua urais mwaka 1968 alisema kwamba Barcelona ni zaidi ya klabu, na kila aliyemsikia alijua neno ambalo hakulitamka. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma habari hizi anasoma habari za isimu-jamii kuliko za michezo: lugha iliyonyimwa serikali ilijitafutia uwanja. Ndiyo maana maandishi ya makumbusho yale huanza kwa Kikatalani, kisha Kihispania, kisha Kiingereza. Utaratibu huo wa mistari mitatu ni hoja yenye uzito sawa na kitu chochote kilichomo ndani ya vioo.

Hata hivyo, mhakiki halazimiki kulia kila anapoalikwa kulia. Masimulizi ya mateso yana kawaida ya kusahau siku ambazo mteswa alikula meza moja na mtesaji. Camp Nou, uliogharimu peseta milioni 288 badala ya milioni 66 zilizotarajiwa, uliiacha klabu katika madeni yaliyokaribia kuizamisha, na kilichoiokoa ni uamuzi wa serikali ya Franco, mwaka 1965, wa kuruhusu ardhi ya Les Corts ibadilishwe matumizi ili iuzwe kwa wajenzi. Klabu ilimpa Franco nishani mwaka 1971, na tena 1974. Zilitenguliwa mwaka 2019, yaani zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, wakati kutengua kulikuwa hakumgharimu mtu chochote. Hakuna aibu ya pekee katika hayo. Klabu kubwa chini ya udikteta huishi kama watu wanavyoishi, kwa kuinama na kuinuka, na wazee wa Lubumbashi waliopita katika miaka 32 ya Mobutu hawahitaji kufundishwa somo hilo na mtu wa Ulaya. Lakini makumbusho yenye uthabiti yangemweka Sunyol ukutani na nishani ya 1971 mezani chini yake, ili mgeni azione zote mbili kwa mtazamo mmoja. Uzito uliopewa kifo cha mmoja dhidi ya ule uliopewa nishani haulingani, na kutolingana huko ndiko kunakoigeuza historia kuwa utenzi wa sifa.

Kuna sura nyingine ambayo ni tajiri kuliko vita na vikombe, nayo ni ile ya wahamiaji. Katika miaka ya 1950 na 1960 mamia ya maelfu ya watu maskini kutoka Andalusia, Murcia na sehemu nyingine za kusini walihamia Barcelona kutafuta kazi viwandani na katika ujenzi. Mwandishi Francisco Candel, mhamiaji mwenyewe, aliwaandikia mwaka 1964 kitabu kilichowaita Wakatalani wengine. Wengi wao walifika bila kujua neno moja la Kikatalani. Camp Nou, uliofunguliwa mwaka 1957 ukiwa na nafasi za watu 93,000, ulijengwa wakati wao na ukawapokea. Mtu aliyetoka Jaén hakuhitaji cheti chochote kuwa wa Barça. Alihitaji tikiti na koo. Mtoto wake alijifunza matusi ya Kikatalani jukwaani kabla ya kujifunza sarufi yake shuleni, na mjukuu wake ni Mkatalani.

Hapa Lubumbashi huingia yenyewe bila kuitwa. Mji uliozinduliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ulijazwa na watu walioletwa na makampuni kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na kila pembe ya Katanga. Hakuna aliyezaliwa akiongea Kiswahili cha Lubumbashi, maana lugha hiyo haikuwapo. Iliundwa kambini, machimboni, sokoni na katika nyumba za Wazungu, na watoto wakaikuta imekwisha kuwa yao. Na kando ya lugha, mpira. Timu ambayo leo ni Tout Puissant Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Mtakatifu Benedikto kwa vijana wa shule, ikapewa jina la mtakatifu, baadaye ikavikwa jina la kiwanda cha matairi, Englebert, na ikaongezewa sifa ya Tout Puissant baada ya ubingwa wa 1966 uliopatikana bila kushindwa hata mechi moja. Watakatifu, matairi, uwezo wote: historia nzima ya koloni na miaka yake ya mwisho inaweza kufundishwa kwa kuyafuata majina hayo. Mwaka 1967 na 1968 ikawa bingwa wa klabu za Afrika, ikarudia 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 huko Abu Dhabi ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia, ambapo Inter ya Milan iliifunga 3 kwa 0.

Mfanano wa miji hii miwili wafika hata mahali ambapo maprofesa huona haya kufika. Mashabiki wa Barcelona huitwa culés, jina linalotokana na makalio, kwa sababu katika uwanja mdogo wa kwanza uliotumika tangu 1909 watu waliketi juu ya ukuta, na wapita njia wa nje waliona safu ndefu ya migongo na sehemu iliyo chini yake. Mazembe nayo ilijulikana ulimwenguni kwa mlinda mlango Robert Kidiaba, aliyeshangilia mabao kwa kurukaruka nyasini akiwa ameketi. Klabu mbili kubwa zilizojitambulisha kwa kiungo kimoja: mtaalamu wa vichekesho vya fasihi simulizi hatakosa cha kuandika.

Lakini namna ya kukumbuka ni tofauti kabisa, na tofauti hii ndiyo kiini cha uhakiki huu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliuza kwa wananchi picha walizoziita ukumbusho: Colonie belge na mijeledi yake, kukamatwa kwa Lumumba, mama maji, simba njiani. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wao, alichora mwaka 1973 na 1974 mfululizo wa picha zipatazo mia zilizosimulia historia ya Zaire, na alipozileta kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian alizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Picha ya ukumbusho haikuwa pambo, wala haikuwa kumbukumbu iliyokamilika. Ilitundikwa sebuleni ili mgeni aulize, na mwenye nyumba ajibu, na jirani ampinge, na mazungumzo yaendelee hadi chakula. Bila mzungumzaji picha ilikuwa nusu. Kabla yake, mwaka 1965, watumishi wa zamani wa majumbani walikuwa wameandika kwa mkono wa André Yav historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kumngoja mwanahistoria wa chuo kikuu awape ruhusa. Nayo hujisomea kama mtu anayesema, akijirudia, akijisahihisha, akimwita msomaji asikie.

Kwa kipimo cha ukumbusho, jumba la Barcelona lina upungufu ambao fedha haziwezi kuuondoa. Skrini za kugusa zilizoongezwa katika miaka ya 2010 humjibu mgeni swali ambalo hakuuliza, na huendelea kumjibu akiisha kuondoka. Kila kitu kimekwisha elezwa. Hakuna mzee wa kumwambia kijana kwamba maandishi haya yamekosea, kwamba siku ile mvua ilinyesha, kwamba yeye alikuwapo. Makumbusho yanayo mengi ya kuonyesha, lakini kukumbusha, kwa maana ya kitenzi chenye watu wawili, kumekabidhiwa mashine.

Uwanja, kinyume chake, waujua ukumbusho. Kwenye viti vya jukwaa yalikuwa yameandikwa kwa rangi yale maneno ya 1968, makubwa kiasi cha kusomeka kutoka ng’ambo ya pili. Mgeni aliyekuja siku ya kawaida aliyasoma vizuri, akapiga picha, akaridhika. Siku ya mechi hayakusomeka, kwa sababu juu ya kila herufi walikuwa wameketi watu. Tarehe 30 Machi 2022 wanawake wa Barcelona walipocheza na Real Madrid, watazamaji 91,553 waliyafunika maandishi hayo kwa miili yao, na ni vigumu kutaja ufafanuzi bora kuliko huo. Timu ya wanaume iliporudi tarehe 22 Novemba 2025 katika uwanja ambao haujakamilika, na kuifunga Athletic ya Bilbao mabao 4 kwa 0, nusu ya viti havikuwapo bado, ila watu walikwisha anza kubishana ni mahali gani hasa palikuwa kiti cha baba.

Baada ya haya yote ndipo Nyumba ya Kongo inapoweza kupimwa. Wanaoitetea wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Nchi inayojulikana duniani kwa vita na madini ina haki ya kujionyesha kwa uso mwingine, na hakuna ukuta unaotazamwa na macho mengi kama wa klabu hiyo. Wanaoipinga wanaonyesha kalenda. Goma ilikuwa imetwaliwa Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Mapatano yakatangazwa Julai, wakati wakimbizi wa Kivu walikuwa wangali chini ya maturubai. Euro milioni 40 ni shule ngapi, ni hospitali ngapi: kila aliyehesabu alipata jibu lake. Hoja hizi mbili zimejadiliwa sana mijini. Ile ya tatu, ambayo ni ya wanafasihi, haijasikika vya kutosha, nayo inahusu msimulizi.

Mfano wake umo katika historia ya mpira wa Kongo yenyewe. Tarehe 22 Juni 1974 huko Gelsenkirchen, katika Kombe la Dunia, Wabrazili walikuwa wamepewa mpira wa adhabu dhidi ya Zaire, na kabla hawajaupiga, Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, alichomoka katika ukuta wa wenzake akaupiga mbali. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano. Kwa miaka mingi televisheni za Ulaya zililirudia tendo hilo kama kichekesho: Mwafrika asiyejua sheria. Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alieleza baadaye kwamba sheria alizijua na kwamba alifanya kwa makusudi. Wachezaji walikuwa wamenyimwa fedha zao, na baada ya mabao 9 kwa 0 ya Yugoslavia walikuwa na hofu ya watawala waliowangoja nyumbani. Picha ni moja, sekunde zilezile. Chini yake palikuwa na maelezo ya mtu mwingine, na maelezo hayo yalimfuata Mwepu hadi kaburini. Asiyeelewa kwa nini maandishi madogo ya chini ya picha ni jambo kubwa na autazame mkanda huo mara mbili, kwanza pamoja na kicheko cha mtangazaji, halafu pamoja na maneno ya Mwepu.

Wakatalani hawakumlipa mtu awasimulie. Makumbusho yao, pamoja na kasoro zote zilizotajwa, yametoka katika klabu ambayo ni mali ya wanachama wake zaidi ya laki moja, wanaomchagua rais kwa kura na kumzomea kwa uhuru uleule. Miró alipochora tangazo la miaka 75 mwaka 1974, na Tàpies lile la miaka 100 mwaka 1999, walikuwa watoto wa nyumba. Nyumba ya Kongo ina asili nyingine: imezaliwa na mkataba, mwenyeji wake ni klabu, mlipaji wake ni wizara, na jina lake limeandikwa kwa Kifaransa. Kati ya lugha nne za taifa zilizotajwa na katiba, yaani Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, hakuna hata moja iliyopata nafasi mgongoni mwa wachezaji. Hatari yake haiko katika uongo. Iko katika kinyago, kitambaa cha raffia, picha ya sokwe na mto, na mgeni akatoka akijua kwamba Kongo ni nzuri, kama alivyojua kabla ya kuingia kwamba ni ya kutisha, bila kusikia sauti ya Mkongo mmoja akibishana na mwenzake.

Vitu vya kuwekwa humo havikosekani. Picha moja ya ukumbusho kutoka Lubumbashi, pamoja na sauti ya mtu anayeieleza kwa Kiswahili cha mji huo bila kusafishwa, ingetosha kujaza chumba. Wapo wazee wa Kamalondo, kando ya uwanja ambao Mazembe iliufungua mwaka 2011, wanaoweza kusimulia fainali ya 1967 dhidi ya Asante Kotoko: sare ya 1 kwa 1, sare ya 2 kwa 2, na mechi ya tatu ambayo Waghana hawakufika. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ushindi ule ulikuwa nusu, na wapo watakaowakatalia kwa hasira. Wote wawili warekodiwe, wala pasiwekwe mwamuzi kati yao. Mkanda wa Gelsenkirchen uwekwe pia, na chini yake maelezo ya Mwepu mwenyewe, kwanza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa, kisha Kikatalani, kwa utaratibu uleule ambao wenye nyumba wamejichagulia katika vyumba vyao.